USHAURI: Mtoto wangu wanamvua patka kwenye basi la shule, nimhamishe au nifanyeje?

Singh wa Ziwani
Wadau habari zenu. Mimi ni Singasinga wa Kisumu, nimezaliwa huko nimekulia huko, sai niko Indiana huku Marekani mwaka wa kumi na mbili, naendesha trela. Nimekwama na usingizi sina.

Kijana wangu ana miaka 10. Nywele zake hazijawahi kuguswa na mkasi tangu azaliwe, ndiyo dini yetu, tunaita kesh. Mama yake anazichana, anazifunga fundo juu ya utosi halafu anafunika na patka, kile kitambaa kidogo cha watoto kabla hawajafikia kilemba kikubwa. Mwaka jana walikuwa wanamwita kitunguu. Mwaka huu ni gaidi. Wiki mbili zilizopita kwenye basi wavulana wawili wakubwa wakamvua patka wakaanza kurushiana, nywele zikamwagika mpaka kiunoni, na kijana alishuka stendi yetu amezishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji, begi linaning'inia kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa Nebraska na mzigo, nilisikia kwa simu.

Shule wanasema watoto wanacheza tu. Swali langu ni moja, nimhamishe? Shule nyingine iko dakika 40 kwa gari.

Kijana wa Tandika
Pole sana mkuu. Dawa ni moja tu, mfundishe ngumi. Mimi nilivyohamia Dar kutoka Singida darasa la tano walikuwa wananicheka lafudhi kila nikisoma kwa sauti, siku niliyomlaza mmoja kwenye mchanga pale nyuma ya vyoo hakuna aliyecheka tena, na yule jamaa mpaka leo ni rafiki yangu, ndiye alisimamia harusi yangu.

Mama Hodan
Singh, kaka yangu, hiyo ya ngumi achana nayo. Huku mtoto wa kilemba akirusha ngumi moja yeye ndiye ataandikwa kwenye faili. Mimi niko Minnesota, mzaliwa wa Eastleigh, binti yangu walimvuta hijabu kantini mpaka pini ikamchoma shingoni. Nilienda shule mara tatu kuongea kwa mdomo, wakanipa chai na pole. Siku niliyoandika imeili ndipo walishtuka. Andika: tarehe, namba ya basi, nani alifanya nini, dereva alikuwa wapi. Waambie waitunze video ya kamera ya basi isifutwe. Wasipofanya kitu, kuna ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu, unalalamika ndani ya siku 180 tangu tukio, wanatumia sheria ya haki za kiraia ya 1964. Masingasinga mnahesabika humo, siyo Wayahudi na Waislamu peke yao.

Msabato wa Musoma
Ndugu, imani ina gharama. Mimi nilikataa kufanya jaribio Jumamosi nikiwa kidato cha tatu, mwalimu akaniwekea sifuri, baba akaniambia mwanangu sifuri ya namna hiyo tutaila na ugali. Mpaka leo nashika Sabato. Mtie moyo huyo mtoto, msome naye maandiko yenu jioni.

Binti Pwani
Pole baba. Ila nina maswali mawili. Mtoto mwenyewe anasemaje? Na wewe kilemba chako huko barabarani watu wanakipokeaje? Umeeleza ya mtoto tu.

Singh wa Ziwani
Asanteni wote. Mama Hodan nimeandika yote hayo pembeni. Binti Pwani, mimi ni mtu mzima, yangu nayamudu, tuongee ya mtoto. Kusema ukweli kuna njia ya tatu nilikuwa naifikiria, kumpunguza nywele mpaka amalize shule ya msingi halafu akikua ataamua. Kuna familia nyingi za Kisikh huku wamefanya hivyo na gurdwara, hekalu letu, wanaenda kama kawaida, hakuna anayefukuzwa langar, kile chakula cha bure cha hekaluni.

Binti Pwani
Kumpunguza? Hilo hukulisema mwanzo. Na swali langu bado liko palepale.

Mjuzi wa Mambo
Samahanini wakuu, hii ni chai. Kalasinga gani anaandika Kiswahili cha namna hii? Wahindi wote ninaowajua mimi ni "wewe leta ile kitu". Mtu kakaa kwake Mbagala anatunga, kesho ataomba namba ya kumchangia. Kama ni kweli atuambie, ukitoka Nairobi kwenda Mombasa Masingasinga wanakupa nini pale hekaluni kwao Makindu na ni shilingi ngapi?

Mzee wa Barabara ya Mombasa
Wewe Mjuzi unamkosea mtu adabu. Mimi nimeendesha basi njia hiyo miaka 22. Makindu hulipi hata senti, unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini na wenzako, unapewa chapati, dengu na chai ya maziwa. Nimelala pale usiku injini iliponikatikia na hakuna aliyeniuliza dini yangu. Mababu zao waliletwa kujenga reli. Makhan Singh, yule wa vyama vya wafanyakazi Kenya, alidai uhuru kamili mwaka 1950, Mwingereza akamfungia mpaka 1961. Joginder Singh kachukua Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na sisi watoto tulikuwa tunapanga mstari kwenye vumbi tukipiga kelele "Simba! Simba!". Aliyenifundisha kusikiliza injini kwa sikio alikuwa fundi Singh wa Nakuru, na alikuwa anatukana kwa Kiswahili safi kuliko chako.

Kijana wa Tandika
Mzee nimekukubali 😂 lakini mleta uzi arudi ajibu.

Singh wa Ziwani
Nimerudi, nilikuwa napakia. Mjuzi, Kiswahili nilifundishwa na Mama Akinyi aliyenilea na vijana wa soko la Kibuye, sina haja ya mchango wako.

Binti Pwani umenibana, acha niseme. Mimi sina kilemba. Nilikata 2021.

Kabla hamjanihukumu nisikilizeni. Mnajua tumepitia nini huku? Siku nne baada ya Septemba 11, Balbir Singh Sodhi alipigwa risasi nje ya kituo chake cha mafuta pale Mesa, Arizona, kwa sababu tu ya kilemba na ndevu. 2012 mtu aliingia gurdwara ya Oak Creek, Wisconsin, asubuhi wanawake wakipika langar, akaua sita, wa saba aliishi amepooza mpaka akafa 2020. Halafu Aprili 2021 hapa hapa Indianapolis, kwenye ghala la vifurushi, watu 8 waliuawa na wanne walikuwa wetu. Wiki tatu baadaye nikiwa kituo cha malori usiku jamaa akanimwagia kahawa kilembani akaniambia nirudi kwetu. Niliingia moteli na mashine ya kunyolea ya dola 30. Nywele niliziweka kwenye mfuko, mpaka leo ziko chini ya kiti cha lori. Sikuweza kuzitupa.

Nina mkopo wa nyumba, nina watoto wawili. Nimefanya ili nirudi nyumbani mzima. Na ndiyo, nimeshamuwekea kijana miadi kwa kinyozi Jumamosi hii, mama yake hajui. Yeye ana msimamo mkali, amekunywa amrit, yale maji matakatifu ya kiapo cha dini yetu.

Mama yangu Kisumu naye hajui. Akipiga video navaa kilemba kwanza ndipo napokea. Juzi kijana alikuwa ananiangalia nikifunga, akaniuliza, Papa, ni kwa bibi tu?

Binti Pwani
Asante kwa kusema. Sasa jibu la pili, yeye anataka nini?

Wakili wa Mtaani
Jamani Nairobi 2019 mahakama kuu ilisema shule haikuwa na haki kumfukuza binti wa Kirasta kwa sababu ya rasta zake. Ila pale shule ndiyo ilitaka nywele zikatwe, na mzazi akaenda kortini. Hapa mzazi ndiye anataka kumaliza kazi ya wale wavulana wa kwenye basi. Fikiria hilo ndugu Singh.

Mjuzi wa Mambo
Nafuta kauli yangu, samahani mkuu.

Mama Hodan
Wakili usimkandamize, mwenye hofu hapigwi. Ila kuna kitu kinaniuma. Kila Singasinga akipigwa huku, wanahabari wanasema walimdhania Mwislamu, kana kwamba wangempata Mwislamu halisi ingekuwa sawa. Singh, mtu aliyekumwagia kahawa hakukosea mtu. Alikusudia yeyote asiyefanana naye. Ukimnyoa mtoto, ngozi na jina vitabaki.

Singh wa Ziwani
Nimesoma yote, nimeegesha Missouri. Imeili nimetuma saa moja iliyopita, na tarehe na namba ya basi na habari ya kamera.

Alichosema kijana ni hiki, nilimuuliza leo kwa mara ya kwanza. Hataki kukatwa. Hataki kuhama pia. Anataka aruhusiwe kukaa kiti cha mbele nyuma ya dereva. Basi. Nimeiongeza kwenye imeili.

Asubuhi nilimwomba mama yake aweke simu mezani nione akifungwa. Nikagundua ncha moja anaishika kwa meno huku mama yake anavuta ile nyingine, hivyo hivyo nilivyokuwa namshikia baba. Sikujua ameshajifunza.

Kwa kinyozi bado sijafuta. Nafika nyumbani Ijumaa usiku, naongea na mama yake kwanza, na la nywele zangu pia linahitaji siku yake.

Mama Hodan
Sawa kaka. Safari njema. Kama shule hawajajibu mpaka Jumatano nitumie ujumbe faragha, nikupe malalamiko yangu uone nilivyoyapanga, na ile ya kiti cha mbele iweke kwenye mstari wa kwanza kabisa.