Biashara huria baina ya nchi: faida na hasara zake kwetu Pwani

Mchuuzi wa Kongowea

Assalaam alaykum. Mimi nauza machungwa kwa jumla katika soko la Kongowea, Mombasa, na sehemu kubwa ya mzigo wangu hutoka Muheza, mkoani Tanga nchini Tanzania, ukapitia mpaka wa Lunga Lunga bila kutozwa ushuru wa forodha. Ami yangu naye ana shamba la michungwa huko Matuga, na kila malori ya Tanga yanapomtangulia sokoni, madalali humpunja bei hadi huona heri matunda yamwozee mtini kuliko kulipia gari la kuyaleta. Ameshaniambia waziwazi kwamba mimi ndiye ninayemtilia kitumbua chake mchanga. Ningependa wenye ujuzi wanieleze: biashara huria baina ya nchi ina faida na hasara gani hasa, na ni nani aliyeamua machungwa hayo yapite bure? Naomba hoja, wala si siasa.

Wakala wa Forodha, Kilindini

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo jepesi. Machungwa hayo yanapita kwa mujibu wa Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa Januari 2005, ambapo nchi wanachama zilikubaliana kuondoleana ushuru na kuitoza bidhaa ya nje ya Jumuiya viwango vya pamoja: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa ambazo nchi zetu huzizalisha zenyewe, matunda yakiwemo.

Hata hivyo, msamaha huo hauji wenyewe, kwani ni lazima uthibitishe kwamba mzigo umezalishwa ndani ya Jumuiya. Mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 hujaziwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa palepale mpakani, lakini cheti cha afya ya mimea hakisamehewi mtu. Wachuuzi wengi hudhani kwamba kutolipa ushuru ni kutohitaji karatasi, na matokeo yake lori hulala mpakani huku machungwa ya chini yakianza kutoa maji.

Ami yako asidhani pia kwamba mshindani wake ni Tanga peke yake. Kenya na Misri zimo katika eneo huru la biashara la COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika) lililoanzishwa Oktoba 2000, kwa hivyo chungwa la Misri linaloshushwa hapa Kilindini likiwa na cheti chake halilipi ushuru wa forodha, ilhali Tanzania, ambayo ilijitoa COMESA mwaka huohuo, ina haki ya kulitoza.

Mwalimu wa Uchumi, Tudor

Hoja kuu ya watetezi wa biashara huria ni ya David Ricardo, Mwingereza aliyeandika mwaka 1817 kwamba hata kama Ureno ingeweza kutengeneza divai na nguo kwa kazi ndogo kuliko Uingereza, bado nchi zote mbili zingenufaika iwapo kila moja ingeshughulikia kile ambacho nafuu yake ni kubwa zaidi, kisha zikabadilishana. Sijaona aliyeivunja hoja hiyo kwa hesabu. Tatizo liko katika sharti lake la kimyakimya, kwamba mtu aliyeshindwa katika kazi moja atahamia nyingine bila gharama kubwa. Mchungwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na mwenye shamba la Matuga hawezi kuung'oa msimu huu akapanda kitu kingine kwa sababu bei ya Kongowea imeshuka.

Ndiyo maana mjadala huu huwa mkali. Faida huwafikia watu wengi kwa kiasi kidogo kidogo: mama muuza sharubati wa Majengo anapata machungwa kwa bei nafuu, wala hatambui kwamba nafuu hiyo imetokana na mkataba. Hasara nayo humwangukia mtu mmoja kwa uzito wake wote, naye anamjua vyema aliyemletea, au anadhani anamjua. Kwa maoni yangu, nchi inayofungua mpaka bila kuwatafutia wakulima wa aina hiyo mikopo, miche bora au soko la kusindika imefanya nusu ya kazi.

Mkulima wa Kaloleni

Mwalimu, nakubaliana nawe kuhusu nusu ya kazi, ila nachelea wasomaji wasije wakadhani kwamba kufunga mpaka ndiko kutakakotuokoa. Sukari yetu ilikingwa dhidi ya ile ya COMESA tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi Novemba 2025, kwa ahadi kwamba viwanda vitajirekebisha. Kinga ikaongezwa muda tena na tena, na mwaka 2019 kiwanda cha sukari cha Mumias kikaishia mikononi mwa meneja mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wadai ili wapate deni lao. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku uuzaji wa korosho ghafi nje ya nchi ili zibanguliwe hapa nchini, wakati kiwanda cha Kilifi kilikuwa kimeshaanguka. Mnunuzi wa nje akiondolewa na wa ndani wakiwa wachache, atakayepanga bei si mkulima.

Na huo uhuru wenyewe hauaminiki. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, kisha siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti. Sikatai kwamba sumukuvu inaua, lakini mfanyabiashara aliyekuwa njiani na mzigo wake hakupewa hata muda wa kugeuza lori.

Mchuuzi wa Kongowea

Shukrani, mmenifungua macho. Je, ami anaweza naye kuuza nje, hasa Ulaya, ambako nasikia tumefunguliwa soko?

Wakala wa Forodha, Kilindini

Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Bidhaa zetu zinaingia huko bila ushuru wala mgao (kikomo cha kiasi), nasi tunawafungulia soko letu hatua kwa hatua kwa miaka 25. Kwa machungwa, hata hivyo, kikwazo si ushuru bali masharti ya Ulaya kuhusu wadudu waharibifu wa jamii ya michungwa na mabaki ya dawa, ambayo shamba moja dogo haliwezi kuyagharamia. Ningekuwa yeye, ningeungana kwanza na majirani wa Matuga na kutafuta msindikaji wa juisi atakayetia saini bei kabla ya msimu, na wewe mwenye malori ungeweza kuwachukulia mzigo huo wakati wa kurudi kwako kutoka Lunga Lunga.