FLTA ya Fulbright, miezi tisa Marekani: inamfaa mhadhiri msaidizi wa Kiswahili?

Mdau wa Idara
Wadau, habari za kazi. Ni mhadhiri msaidizi wa Kiswahili, chuo cha umma Tanzania, nina shahada ya uzamili. Nimeitwa kwenye usaili wa Fulbright FLTA, mpango wa serikali ya Marekani wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni vyuoni kule. Udahili wa uzamivu hapa nyumbani pia nimepata, na masomo yanaanza kipindi hicho hicho. Je, kufundisha kule kunahesabiwa kwenye kupanda cheo? Na mwajiri, mkopo wa elimu ya juu na pensheni vinakuwaje?

Msomaji Makini
Kwenye cheo jibu ni hapana. Kuwa mhadhiri kunataka uzamivu, na FLTA haitoi shahada yoyote. Unafundisha au kusaidia kufundisha hadi saa 20 kwa wiki, na kila muhula unasoma kozi mbili, angalau moja ikihusu Marekani. Kama chuo cha hapa nyumbani hakikubali kuahirisha udahili wako, shika uzamivu. Kikikubali, dai jibu la maandishi, maana ahadi ya mdomo ya mratibu haitakusaidia akibadilishwa.

Faida yake ipo, ila iko kwenye ufundishaji. Huku tunamfundisha mtu aliyekuja na Kiswahili chake. Kule unampokea asiyejua hata "hujambo", na lazima uamue ngeli ipi ianze na ipi isubiri. Utazoea kupima wanafunzi kwa viwango vya ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni Marekani, na huo ni ujuzi ambao idara zinazopokea wageni zinauhitaji sana. Kozi yako ya pili iwe ya ufundishaji wa lugha ya pili au isimu tumizi. Wengi huchagua inayokaa vizuri kwenye ratiba, wakarudi na transkripti isiyosema chochote kuhusu fani yao.

Unataka kutoa makala kutokana na darasa lako? Omba kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo kilichokupokea Marekani wiki za mwanzo kabisa. Data iliyokusanywa kabla ya kibali huwezi kuichapisha, na hapo ndipo makala nyingi hufia.

Bi Utawala
Naongezea upande wa mwajiri. Barua ya kuomba ruhusa ipite kwa mkuu wa idara na mkuu wa kitivo hadi utawala, na jibu litaje mambo matatu: tarehe ya kurejea, nafasi yako kubaki, na kama mshahara unaendelea. Usipande ndege bila jibu hilo. Kwa mtumishi wa umma, kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa kunaweza kumfukuzisha kazi.

Ukipewa likizo bila malipo, makato yanasimama: 5% yako na 15% ya mwajiri kwenda PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), pamoja na 15% ya mshahara wa msingi kwenda Bodi ya Mikopo. Deni lenyewe halisimami. Iandikie Bodi kabla ya kuondoka, mkubaliane utalipaje.

Mdau wa Idara
Ahsanteni sana. Na nikitaka kusoma uzamivu huko huko baadaye?

Msomaji Makini
Viza ni J-1, ya programu za kubadilishana, na kwa kuwa inagharamiwa na serikali utabanwa na sharti la kukaa nyumbani miaka miwili, kifungu 212(e) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani. Mpaka utimize jumla ya miaka miwili nyumbani hupati viza ya kazi ya H wala ukaazi wa kudumu. Viza ya masomo ya F-1 haizuiwi na kifungu hicho, ila huwezi kubadilisha ukiwa ndani ya Marekani: unarudi nyumbani, unaiomba ubalozini. Na kusoma kwa F-1 hakufuti ile miaka miwili, itakusubiri.

Halafu usisahau kodi ya Marekani. Fomu 8843, taarifa ya siku ulizokaa kule, inajazwa, na 1040-NR, ritani ya kodi ya asiye mkazi, kama una kipato cha kutozwa, kwa kawaida kufikia tarehe 15 Aprili. Posho ikiwa imekatwa kodi kupita kiasi, kurejeshewa kunapitia kwenye 1040-NR hiyo hiyo, kwa hiyo tunza kila karatasi utakayopewa na chuo.

Bi Utawala
Na kama una mwenza au watoto, usitegemee posho iwagharamie. Posho imepangwa kwa mtu mmoja.