Naomba ushauri: tunapiga tiza ya filamu ya majambazi Jumamosi, nimekwama kwenye shoti ya mwisho

MtotoWaLenzi
Wakuu, habari za jioni. Nasoma filamu mwaka wa pili hapa Dar. Tumepewa kazi ya kikundi: tiza (kionjo) ya sekunde 60 ya filamu ya majambazi ambayo yenyewe haijapigwa bado. Mimi ndiye mwongozaji. Hadithi ni ya fundi cherehani wa Kariakoo anayelifichia genge pesa ndani ya majora ya vitambaa, siku moja jora lenye mzigo linauzwa kwa mteja. Storibodi ipo, waigizaji wapo, kamera tumeazima. Swali: shoti ya mwisho bosi anamnyooshea fundi bastola. Nitumie lenzi ya 35 au 85? Na taa moja inatosha? Kazi hii ina alama nyingi, usingizi sipati.

MzeeWaPugu
Hongera mwanangu. Sisi tulipiga igizo la ujambazi pale Mbagala enzi za kanda za VHS. Kijana wetu akavaa soksi usoni, akatoka dukani mbio na mfuko. Kamera ilikuwa ndani ya gari, hakuna mpita njia aliyeiona. Mama muuza mihogo akapiga yowe la mwizi. Mpaka mjumbe anafika kututetea, kijana ameshapasuliwa juu ya jicho kwa jiwe. Kovu analo mpaka leo, na ana wajukuu.

DadaWaTabata
Kwa nini kila kijana akishika kamera anawaza ujambazi? Pigeni kitu cha kuelimisha jamii. Mada ziko tele: mimba za utotoni, mikopo ya kausha damu, bodaboda.

JichoLaTatu
Nijibu swali la mtoa mada. Vyumba vya mafundi Kariakoo ni finyu, 85 inavuta picha karibu, itakubana mgongo ukutani. Chukua 35, sogeza kamera karibu, mdomo wa bastola utakuja mkubwa mbele na uso wa fundi utabaki nyuma yake. Taa moja inatosha, ining'inize juu ya cherehani, kona nyingine ziache gizani. Ila bastola ya plastiki kwa ukaribu huo itaonekana ni ya plastiki. Mnatoa wapi?

MtotoWaLenzi
Asante sana mkuu, 35 basi. Bastola isikupe shida, ipo.

MshikaTaa
Ipo ipi?

MtotoWaLenzi
Ipo tu mkuu. Turudi kwenye taa, niweke ya rangi ya njano au nyeupe?

MshikaTaa
Dogo, nimeuliza. Ni ya mbao, ya mpira au ni nini?

MtotoWaLenzi
Ni ya kweli. Ya baba mdogo, ana leseni yake halali. Haitakuwa na risasi hata moja, nitakagua mwenyewe mbele ya wote. Hakuna atakayevuta triga, ni kunyoosha tu, sekunde nne. Naomba tusikuze mambo.

DadaWaTabata
Baba mdogo mwenyewe atakuwepo hapo?

MtotoWaLenzi
Yuko Mbeya kikazi.

DadaWaTabata
Anajua?

MtotoWaLenzi
Akirudi nitamwonyesha kazi ikiwa imekamilika. Namjua, atafurahi.

MshikaTaa
Nimebeba taa kwenye seti nyingi, kwa hiyo nisikilize. Oktoba 2021 kule New Mexico, Marekani, Halyna Hutchins, mpiga picha, alikufa kwenye mazoezi ya shoti ya kunyoosha bastola, kama hii yako. Mwigizaji Alec Baldwin alikuwa ameambiwa haina risasi hai. Mle ndani ilikuwemo. Mtunza silaha wa seti ile alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2024. Na huyo alikuwa mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo hiyo!

Mwigizaji Brandon Lee, 1993: kichwa cha risasi kilikwama ndani ya mtutu kwenye shoti ya awali bila mtu kujua. Baadaye ikawekwa risasi baridi, yaani yenye baruti bila kichwa, baruti yake ikakisukuma kile kichwa kikampiga tumboni, akafa. Mwigizaji Jon-Erik Hexum, 1984, alijiwekea bastola ya risasi baridi kwenye panja, kando ya paji, akitania kati ya shoti na shoti, akafyatua, akafa siku chache baadaye. Hao wote walikuwa na bajeti na wataalamu. Wewe una nani?

WakiliWaMtaani
Leseni ya silaha ni ya mtu, haiazimishwi kama gari. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na baba yako mdogo ndiye atakayeulizwa kwanza kwa nini silaha yake imekutwa mikononi mwa wanafunzi. Wewe utaulizwa wa pili. Pia kibali cha kupiga picha mnacho? Bodi ya Filamu ipo kwa kazi hiyo, mwambieni mwalimu awaandikie barua. Hata mkitumia ya kuchonga, mjulisheni mjumbe na kituo cha polisi cha karibu kabla ya Jumamosi, na mpige ndani, si mtaani. Kisa cha Mzee wa Pugu hapo juu mkisome tena.

MtotoWaLenzi
Nawaelewa wakubwa. Lakini mwalimu amesema aina ya filamu ionekane ndani ya sekunde kumi za mwanzo. Majambazi bila bastola ni nini? Na mwigizaji akishika plastiki mkono unakuwa mwepesi, uongo unaonekana. Tumeshafanya majaribio na ile ya kweli, mkono ulikaa vizuri mno. Kikundi kizima kimekubali.

JichoLaTatu
Kanuni za Hollywood za 1930, zilizoanza kubana kweli 1934, zilitaka silaha zionyeshwe pale tu inapobidi. Na hata kabla hazijabana, mwongozaji Howard Hawks kwenye filamu yake ya 1932, Scarface, aliyaonyesha mauaji ya gereji ya Chicago, yale ya Februari 14, 1929 yaliyoua watu saba, kwa vivuli vya watu ukutani. Unaona vivuli, unasikia risasi, basi.

Wewe una kitu bora zaidi: cherehani! Anza na skrini nyeusi, cherehani inakimbia, taratatata. Picha inakuja: mkono wa fundi unasukuma kitambaa, noti inachungulia kwenye upindo. Mlango unafunguliwa nje ya fremu. Cherehani inasimama. Kimya. Fundi anainua macho. Kata, jina la filamu, kisha cherehani inaanza tena lakini aliyekaa si yeye. Hakuna bastola hapo na kila mtu ameogopa.

KibokoYaWaongo
Wakuu mnapigwa chai. Mtu ana storibodi kamili halafu hajui lenzi? Mwenye leseni gani anasafiri Mbeya anaacha silaha ipatikane na mtoto wa kaka yake? ID yenyewe imefunguliwa wiki hii. Huyu anaandika muswada wake humu, sisi ndio waigizaji.

MzeeWaPugu
Nami nilianza kuhisi hivyo. Hii ya "atafurahi" ni ya kwenye sinema.

MtotoWaLenzi
Chai ya nini? Nimekuja na shida mnanivua nguo. Inakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo anao mama mdogo kwenye kanga. Mpini umezungushiwa utepe mweusi upande wa kushoto, gundi imetoka, ukiishika dakika mbili kiganja kinanata. Nimeshika mimi, sijasimuliwa.

KibokoYaWaongo
Hapo kwenye gundi umenipata. Basi ni kweli, na ni mbaya zaidi.

DadaWaTabata
Mwanangu, mama mdogo amwambie mumewe leo leo. Na ufunguo usiuguse tena.

FundiMninga
Nina karakana Keko. Naweza kukuchongea ya mninga kwa picha. Napiga msasa hadi ilainike, napaka rangi nyeusi isiyong'aa, ikikauka naisugua kwa unga wa risasi ya penseli. Inatoa mng'ao wa chuma, kwenye kamera hutajua. Uzito unaoutaka: natoboa mpini, natia chubwi za wavuvi.

MtotoWaLenzi
Chubwi hazitagongana ndani? Tunarekodi sauti papo hapo.

FundiMninga
Namiminia nta ya mshumaa juu yake, zinashikana. Nitumie kipimo cha kiganja cha mwigizaji, kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Ukileta kesho asubuhi, Ijumaa jioni unachukua.

MtotoWaLenzi
Sawa fundi. Nampigia sasa hivi nimpime. @JichoLaTatu, kwenye ile ya cherehani, aliyekaa mwishoni awe bosi au mteja aliyenunua jora?

JichoLaTatu
Mteja.