Naomba ushauri: kaka yangu alijeruhiwa Semuliki, nawezaje kufikisha jina lake bungeni?

Wakuu habari za jioni. Naandika kutoka Moshi, Pasua.

Kaka yangu ni mmoja wa askari wetu waliojeruhiwa Kongo tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki iliposhambuliwa. Waliofariki walipokelewa kwa heshima, na walistahili. Majeruhi walikuwa zaidi ya 40, lakini huwa wanatajwa kwa idadi tu. Kaka sasa ni mstaafu. Anachechemea, na baridi ya Juni ikishika huku mguu humuuma mpaka anakaa usiku kucha jikoni na mama, wakichochea moto.

Hadai fedha, hilo nalisema mapema. Ni mama ndiye anayetaka siku moja asikie jina la mwanawe likisomwa bungeni akiwa bado hai, siyo tusubiri dakika moja ya kusimama kimya.

Nimekwenda ofisi ya mbunge mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa niandike barua, nikaandika. Ya pili barua haikuonekana (nakala ninayo, nashukuru niligongesha muhuri).

Kwa wanaojua taratibu za Dodoma: je, mbunge anaweza kumtaja majeruhi aliye hai anapochangia bajeti ya Ulinzi, au njia nzuri ni kuomba tualikwe kama wageni, atambulishwe akiwa jukwaani? Na kaka, japo ni mstaafu, anahitaji kibali cha jeshi kwanza? Nisije nikamponza.