Makachu ya ndotoni: ufundi au usingizi tu?

Mtoto wa Shangani
Naleta ubishi wa barazani kwetu. Kijana mmoja anayepiga makachu (ule mchezo wa kujirusha baharini kwa mbwembwe kutoka ukutani) hapa Forodhani, Unguja, kasema kupinduka mara mbili hewani alikujua kwanza usingizini. Akaamka, akangoja maji yajae, akaruka, akapatia. Wazee wakamcheka. Mie sicheki. Mwaka 2010 watafiti Daniel Erlacher na Michael Schredl walitoa matokeo ya watu waliorusha sarafu kikombeni jioni, wakarudia asubuhi. Baadhi yao walitakiwa wafanye mazoezi ndotoni, katika ile ndoto ambayo mtu anajua kuwa anaota. Waliofanikiwa, watu 7, waliamka na shabaha nzuri zaidi. Sarafu ikiwezekana, kwa nini makachu isiwezekane?

Fundi wa Bao
Ami, nusu ya habari umeiwacha. Waliorusha sarafu wakiwa macho waliwashinda hao wa ndotoni. Halafu Forodhani ukiangukia tumbo, maji yanakuchapa na wenzio wanakuzomea, kosa ushalijua. Ndotoni nani atakusahihisha? Mie bao naliota sana. Kete 64 zinakuwa hazina hesabu, nakula za mwenzangu usiku kucha, sikosi. Nikishuka barazani ananifunga yule yule.

Mwalimu wa Chake
Nyote mnachanganya nguvu na ufundi. Tangu Michel Jouvet alipowachunguza paka kule Ufaransa miaka ya 1950, inajulikana kwamba wakati wa usingizi wa ndoto ubongo uko kazini lakini misuli imelegezwa. Ota unapakia magunia ya karafuu bandarini Wete mwaka mzima, mabega hayatanuki hata kidogo. Lakini lini ukunje magoti na lini ujinyooshe, hayo yanakaa kichwani. Mwaka 2011 Martin Dresler na wenzake walimpima mtu aliyekunja ngumi ndotoni. Sehemu ya ubongo inayoamrisha mkono ilifanya kazi kweli, ila si kwa nguvu kama akiwa macho.

Maalim
Mtume (S.A.W.) katufundisha kuwa ndoto ni tatu: bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, huzuni kutoka kwa shetani, na yale ambayo mtu anaizungumzisha nafsi yake. Ya kijana wetu ni hiyo ya tatu. Kutwa yuko ukutani anaruka, usiku aote nini tena? Ndoto imeyafuata mazoezi, haikuyatangulia.

Mwalimu wa Chake
Hapo niko nawe, Maalim. Mwaka huo huo wa 2010 Erin Wamsley na Robert Stickgold, Marekani, waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kutafuta njia ndani ya vichochoro vya kupotezana (Mji Mkongwe hasa!), kisha wengine wakalala. Wachache walioota mchezo ule waliamka wepesi wao umeongezeka kuliko wa wenzao wote, na ndio waliokuwa wameanza vibaya. Hawakuambiwa waote. Ilikuja yenyewe.

Mtoto wa Shangani
Basi nusu mmeshanipa.

Fundi wa Bao
Robo! Watu 7 ni wachache mno. Na anayeweza kujijua yumo ndotoni ana kipaji chake, huwezi kumpimia mtaa mzima. Niletee mtu aliyejifunza ndotoni kitu asichowahi kukigusa akiwa macho, nami nitanyamaza.

Mama wa Mkwajuni
Nyie mnabishana, mie linanikuta nyumbani. Kocha wa mwanangu kawaambia watoto waweke simu ilie saa tisa usiku, waamke, waiwaze penalti, walale tena ili waiote. Mtoto anasinzia skuli.

Mwalimu wa Chake
Bi mkubwa, njia hiyo ipo, maana ndoto nyingi huja karibu na alfajiri. Lakini mtoto wa skuli halali tena vya kutosha akishaamshwa, na usingizi huo unaokatwa ndio unaoyatuliza kichwani mazoezi ya mchana. Anapoteza la uhakika kwa kufukuzia la bahati. Simu izimwe.

Mama wa Mkwajuni
Nshaificha. Sasa kocha anamwita mvivu.