Diplomasia tupu au diplomasia na taaluma za kanda: Kurasini, Nairobi au London?

Kontena40

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nina shahada ya sayansi ya siasa, na huu ni mwaka wa nne nashughulikia makaratasi ya mizigo ya transiti hapa Dar, mingi yake ya Lubumbashi, Kongo. Nataka kusoma uzamili wa diplomasia. Kila nikipekua vyuo nakuta njia mbili: diplomasia tupu, au diplomasia inayochanganywa na taaluma za kanda fulani, iwe Afrika, Mashariki ya Kati, China na kadhalika.

Nimebakiza tatu. Stashahada ya uzamili ya Chuo cha Diplomasia Kurasini, ambako sitaachana na mshahara. Chuo Kikuu cha Nairobi, miaka miwili. Au SOAS, chuo cha London cha taaluma za Asia na Afrika, mwaka mmoja, unasoma diplomasia huku ukichukua moduli za kanda au lugha. Hiyo ya London ndiyo inanivuta, ila kaka yangu ananicheka. Anasema Mwafrika kwenda London kusomea Afrika ni sawa na mtu wa Bagamoyo kupanda basi hadi Iringa kununua nazi.

Mliopita huko, semeni.

Mzee wa Kurasini

Marahaba kijana. Mimi nimestaafu. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya wakubwa vikaoni na kuandika muhtasari.

Kurasini usiidharau. Kilianzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, na siku hizi kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Ukitaka ufundi, yaani itifaki, uandishi wa noti za kibalozi, Mkataba wa Vienna wa 1961 wa uhusiano wa kidiplomasia kifungu kwa kifungu, utaupata bila kuvuka bahari. Ufundi huo mtu mwenye akili anaushika kwa miezi. Kanda ndiyo inakula miaka.

Nikupe mfano. Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi ulisainiwa 28 Agosti 2000, Mwalimu ameshafariki na Mandela amepokea usuluhishi. Wengi wakiufungua hukimbilia mgawanyo wa madaraka na jeshi. Wewe anza mwanzo. Sehemu zake, nazo huitwa itifaki, ziko tano, na ya kwanza inahusu asili ya mgogoro: kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni, baada ya uhuru. Pande 19 zilipaswa kwanza kukubaliana nini kilitokea nyumbani kwao, ndipo zije kwenye bunge na majeshi. Aliyesoma diplomasia tupu ataziona kurasa zile kama utangulizi wa kuruka. Aliyeisoma Maziwa Makuu ataona kwamba kila sentensi pale imepiganiwa.

Chambua Karanga

Mzee heshima yako, lakini tusimdanganye dogo. Tangazo la kazi likitoka linataka shahada na usaili. Hakuna anayekuuliza umesoma moduli ngapi za Maziwa Makuu. Dkt. Salim huyohuyo alikwenda kuwa balozi Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Moduli za kanda alizisomea wapi?

Mzee wa Kurasini

Alizisomea Cairo, New Delhi na Beijing, kwa kupelekwa ubalozini huko kote. Uzamili wake wa Columbia alikuja kuuchukua baadaye, tayari ni balozi. Kijana akipata serikali ya kumlipia mafunzo ya namna hiyo, na asisome chochote.

BintiWaGigiri

Mzee umenichekesha 😂

Mimi nimemaliza Nairobi, mtanisamehe kwa Kiswahili changu cha huku. Masomo ya diplomasia hapo yana mizizi ya tangu 1973, kwa hivyo walimu wanajua kazi. Faida kubwa ni jiji lenyewe. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na makazi, UNEP na UN-Habitat, makao yao makuu yako hapa mtaa wa Gigiri, balozi zimejaa, na darasani unaweza kuketi na mwanajeshi upande huu na afisa wa ubalozi upande ule. Semina ikifika kwa Somalia au Sudan Kusini, kuna mtu pale amewahi kufanya kazi huko, na anakukosoa mbele ya watu wote.

Lakini kanda kama somo la kujitegemea, lenye lugha na historia yake? Hiyo ilibidi nijitafutie mwenyewe kupitia tasnifu. Kama wewe si mtu wa kujisukuma, utatoka na nadharia nyingi na nchi hata moja hujaijua.

Mpangaji wa Bloomsbury

Nilisoma SOAS, kwa hiyo nijibu hilo la nazi za Iringa.

Kaka yako ana hoja, ila amesahau kitu kimoja: nazi nyingine zilichukuliwa zikapelekwa Iringa. Maktaba ya pale ina miswada ya tenzi zetu kwa hati za Kiarabu. Mara ya kwanza niliagiza mmoja nikaletewa mezani, nikawekewa mto wa kuulaza, na nikaruhusiwa penseli tu. Nilikaa saa nzima nikisoma mistari ambayo bibi yangu angeisoma haraka kuniliko. Nilisikia aibu, sitaficha.

Sasa hesabu. Uzamili wa kufundishwa Uingereza ni krediti 180, na tasnifu kwa kawaida inameza 60. Toa masomo ya lazima ya diplomasia, halafu uone kanda imebakiwa na nini. Ni moduli moja mbili tu. Ukianza lugha mpya kabisa, mwaka utaisha ukiwa unaweza kuagiza chakula, si kujadiliana. Wanaofaidi mchanganyiko huu ni wale wanaofika na kanda yao kichwani, wakaielekezea tasnifu na kila insha.

Ada kwa mwanafunzi wa nje inavuka pauni 20,000, kabla hujala wala hujalala. Bila ufadhili usiwaze. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ambao unao, na ukimaliza lazima urudi nyumbani miaka miwili.

Zuhura_K

Naongezea onyo. Mimi nilikwenda chuo kingine, sikitaji, kwa sababu ya moduli moja tu ya siasa za Bahari ya Hindi iliyokuwa kwenye orodha yao. Nafika Septemba naambiwa mwaka huu haifundishwi, wanafunzi hawakutosha. Nikapewa ya usalama wa Ulaya. Kabla ya kulipa, mwandikie mratibu wa kozi umuulize moduli hiyo ilifundishwa lini mara ya mwisho, na mwalimu wake kama yupo au yuko likizo ya utafiti.

Ngome Kongwe

Assalaam aleikum. Mbona wote mmekazana na Afrika? Yeye yuko bandarini Dar, na kwa mkataba wa 2023 sehemu ya bandari hiyo iko kwa DP World, kampuni ya bandari ya Dubai. Niko Muscat mwaka wa kumi na moja, nakuhakikishieni mtu wa Dar mwenye Kiarabu kizuri na diplomasia hakai bure. Asome Ghuba.

Mpangaji wa Bloomsbury

Sawa Sheikh, ila Kiarabu unaanzia sifuri ukiwa na miaka mingapi? @Kontena40, kwani lugha gani unazo sasa?

Kontena40

Kiswahili, Kiingereza, na Kifaransa cha kubahatisha. Hapo mmenigusa pabaya.

Mwezi uliopita magari yetu matatu yalikwama Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Barua ya forodha ya Kongo ikaja kwa Kifaransa, kurasa mbili na mihuri minne. Nikampigia dereva. Kiswahili chake na cha ofisa wa pale walielewana vizuri tu, wakataniana na kupeana sigara, lakini karatasi ile hakuna kati yetu aliyeweza kuijibu. Siku sita. Mwishowe aliyetuokoa ni mama muuza vocha wa Lubumbashi, alitusomea kwa sauti ya WhatsApp.

Mzee wa Kurasini

Basi kanda unayo tayari mwanangu, imekaa mezani kwako mwaka wa nne. Kifaransa anza kesho, cha kuandikia barua. Na hiyo ya Kasumbalesa ilikuwa inadai nini?

Kontena40

Uzito kwenye hati haukulingana na mizani ya Tunduma, tofauti ya kilo 40.

Nimepita Alliance Française Upanga leo jioni kuulizia darasa la usiku. Nafikiri nitaanza Kurasini huku nikisoma Kifaransa, halafu London nitaiomba nikiwa na mada ya Katanga, eneo la Lubumbashi, mkononi. @Zuhura_K, ule ujumbe wa mratibu uliuandikaje? Nataka nisionekane namhoji.