Naomba ushauri: nimweleweshe vipi mtoto kuhusu namba tasa 2,147,483,647?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tukuyu, mvua haijakatika tangu asubuhi. Binti wa dada yangu, kidato cha pili, ameng'ang'ania kuhakiki kwa mkono kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Mwanahisabati Euler aliithibitisha mwaka 1772.

Alianza kugawanya kwa 3, 7, 11... Inabidi ufike hadi kipeuo chake cha pili, ambacho ni kama 46,340, angekesha. Nikampa njia ya mkato: kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kiwe kigawe cha 62 ukijumlisha 1, tena ukikigawanya kwa 8 kibakishe 1 au 7. Zinabaki namba 373 tu za kuchunguza, na nyingi kati ya hizo si tasa. Akafurahi, kisha akauliza: "Mjomba, kwa nini 62?"

Nikamwonyesha mfano. 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047, yaani 23 mara 89. Na zote mbili ni kigawe cha 22 jumlisha 1 (22 ni 2 mara 11, kama 62 ilivyo 2 mara 31). Akaniambia mfano si uthibitisho, na yuko sahihi kabisa. Mimi naujua uthibitisho wa kupitia kanuni ndogo ya Fermat, inayohusu masalio ya kugawanya kwa namba tasa, ila yeye hajagusa hesabu za masalio.

Walimu wa hisabati, nianzie wapi? Nimfundishe kwanza hesabu za saa, ile 12 kurudi 0, au kuna njia fupi zaidi? Sitaki kumwambia akariri tu. Jumapili anarudi bweni, Mafinga.